Namba ya Kontena na Safari ya Shehena hadi Pemba

Mfanyabiashara wa Chake Chake anayesubiri bidhaa kutoka ng'ambo huuliza jambo moja: mzigo umefika wapi? Jibu huanzia katika alama kumi na moja zilizoandikwa ubavuni mwa kontena.

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, herufi tatu za mwanzo humtambulisha mmiliki, na ya nne hueleza aina ya kifaa. Hufuata tarakimu sita za kontena lenyewe, kisha tarakimu moja ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na alama kumi zilizotangulia. Kamera ya bandarini ikisoma 3 badala ya 8, kwa kawaida hesabu haitalingana, na kosa hubainika kabla kontena halijatoka.

Hata hivyo, mtambo hulitambua kontena, si kilichomo ndani yake. Shehena ya Pemba inaposhushwa Malindi, Unguja, ikatolewa katika kontena na kupakiwa katika vyombo vya kuelekea Mkoani au Wete, ufuatiliaji huo hukatika. Vivyo hivyo, gunia la karafuu linaloondoka Pemba halina utambulisho huo hadi litakapoingizwa katika kontena.

Kwa hiyo, mitambo hiyo itawanufaisha Wapemba iwapo namba ya kontena itaunganishwa na hati ya kila mzigo unaovushwa. Mwenye mzigo naye aihifadhi hati yenye namba hiyo, kwani ndiyo ushahidi wake mzigo unapochelewa au kupotea.