Mcheza kwao hutunzwa: Bandari yatunzwa na nani?

Jumapili moja baada ya Swala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwa jamaa yangu huku Junda, upande huu wa Kisauni unaopakana na hori la Tudor. Kahawa ilikuwa ikizunguka. Mkabala nasi pana kibanda cha mabati ambamo huonyeshwa mpira kwa televisheni, na vijana walikuwa wamejaa mpaka nje, huyu kavaa jezi ya Arsenal, yule ya Manchester United, na mlango haupitiki. Saa hiyohiyo Bandari ilikuwa uwanjani Mbaraki. Nikamwuliza kijana mmoja aliyepita kutusalimu, "Mwanangu, leo Bandari yacheza na nani?" Akacheka kwa adabu, akanijibu, "Sijui, Ami. Ile si timu ya kazini kwao?"

Jibu hilo halijanitoka moyoni tangu siku hiyo. Kijana hakusema kuwa timu ni mbovu, wala hakusema kuwa haipendi. Alisema tu kuwa ni ya wengine. Nathubutu kusema, ndugu msomaji, kwamba hapo ndipo ugonjwa wote ulipo.

Maana kama ni ubora, Bandari haina haja ya kuonewa haya. Walitwaa kombe la taifa mwaka 2015, wakalitwaa tena mwaka 2019 kwa kuwafunga Kariobangi Sharks mabao 3 kwa 1. Msimu wa 2018/19 walimaliza ligi wakiwa wa pili, nyuma ya Gor Mahia peke yao. Januari ya mwaka 2019 waliwafuata Simba kwao Dar es Salaam, wakawafunga 2 kwa 1 katika nusu fainali ya Kombe la SportPesa. Baadaye mwaka huohuo wakaingia Kombe la Shirikisho la Afrika, wakawatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan na Ben Guerdane wa Tunisia, mpaka walipozuiliwa na Horoya wa Guinea. Mji mwingine ungeyatungia hayo nyimbo za harusini. Huku kwetu, Gor Mahia ikishuka Mombasa, mgeni asiyejua angedhani kuwa Gor ndio wenyeji na Bandari ndio waliopanda basi usiku kucha.

Wala tusiwalaumu wa Gor na wa AFC Leopards. Klabu hizo zilianzishwa katika miaka ya sitini na watu waliotaka kitu cha kukiita chao. Baba aliyetoka bara kuja kufanya kazi gatini, akapanga chumba Changamwe au Chaani, hakuja na shamba lake wala mto wa kwao, lakini timu yake alikuja nayo, na wanawe wakairithi pamoja na lugha. Shabiki hazaliwi uwanjani, huzaliwa nyumbani.

Na sisi tuliwahi kuwa hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia habari za Feisal, timu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965, ligi yenyewe ikiwa katika mwaka wake wa tatu. Alikuwa akimtaja Ali Kajo kama watu wanavyomtaja mjomba wao. Mji huu ulikuwa na Liverpool yake pia, kabla ya hawa watoto kuijua Liverpool ya Uingereza. Timu hizo zilikaa katika mitaa. Mchezaji alikuwa akionekana msikitini, sokoni na kinyozini, na akikosa bao la wazi Jumapili, Jumatatu anaulizwa dukani kwa nini.

Ukitaka kuona jambo hilo lilivyo, vuka mpaka uende Tanga. Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, Tanga yote iliwajua kwa jina la Wagosi wa Kaya, na watani wao African Sports walikuwa mjini humohumo. Mtu wa Tanga humwulizi kama ana timu, wamwuliza ni ya upande upi. Utani huo ndio unaojaza viwanja, na utani haununuliwi kwa fedha za shirika.

Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari, na kabla ya jina hili iliitwa LASCO, kisha Cargo, majina ya kazi yote. Tuseme haki: bila ya mshahara wa bandari huenda timu ingekufa kama zilivyokufa nyingi za mitaani, na hakuna aliyezizika kwa heshima. Lakini kwa mtu wa Junda neno hilo bandari lina uzito mwingine. Ni lango ambalo kijana hulitazama kwa mbali akiwa na vyeti vyake mkononi. Ni manung'uniko ya miaka mingi juu ya nani huajiriwa na nani huachwa. Na tangu reli mpya ianze kuchukua makontena kwenda Nairobi mwaka 2018, wengi hulalamika kuwa hata vibarua vya mji huu vimepanda gari moshi. Kijana mwenye donge hilo, ukimwambia aishangilie Bandari, husikia kama unamwambia alishangilie lile lango lililofungwa.

Kisha liko jambo la njia. Mbaraki iko upande wa pili wa kisiwa. Wa Junda apande matatu mpaka mjini, apande nyingine, alipe kiingilio, na akirudi akute magari yamesongamana Kongowea na Magharibi imeadhiniwa. Kibandani kwa jirani analipa shilingi chache na anarudi kwa miguu. Uwanja wa Manispaa, uliokuwa katikati ya mji, ulifungwa ujengwe upya, na ule mwaka 2019, timu ilipopata heshima ya Afrika, mechi zake za nyumbani zilichezwa Kasarani, Nairobi. Mtoto wa Kisauni atajifunzaje kuipenda timu ambayo siku yake kubwa kabisa ilifanyiwa ugenini?

Wako pia wasemao, "Wachezaji wenyewe si wetu." Hilo silikubali. Mombasa ni mji wa watu waliokuja kwa jahazi, kwa miguu na kwa gari moshi, na wote tumewaita wenyeji baada ya kula nao. Aliyevaa jezi ya mji na kutoka jasho kwa ajili yake ni mwana wa mji. Lakini ni kweli vilevile kuwa mwezi wa Ramadhani, viwanja vya mchanga vya Kisauni na Likoni huwaka kwa mashindano ya mitaa, na hapo utaona watoto wenye miguu ya ajabu. Anayewatazama ni nani? Kisauni hii tumezika vijana waliokwenda na mapanga, na wengine tumewapoteza kwa unga wakiwa hai. Timu yenye mlango wazi huku kwetu ingekuwa zaidi ya mchezo.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza kwa wenye timu. Msingoje watu wawafuate Mbaraki, wafuateni nyinyi. Njooni mfanye mazoezi Junda, Likoni na Changamwe, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Tumeni mtu wa kutazama mpira wa Ramadhani na daftari mkononi. Wapeni watoto wa madrasa na wa shule nafasi ya kuingia bure, maana hao ndio watakaolipa kesho. Fungueni uanachama kwa mchuuzi wa samaki na fundi baiskeli, ili siku moja mtu asiyefanya kazi bandarini aseme "timu yetu" bila ya kuona haya.

La pili ni letu wenyewe, na hili lauma. Wahenga walitwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Arsenal ikishinda haitujui, ikishindwa haituoni. Baada ya jibu la yule kijana nilijiuliza: mimi nilipa kiingilio Mbaraki mara ya mwisho lini? Sikukumbuka. Miaka yote nimeandika juu ya kabumbu la pwani nikiwa nimeketi barazani, na wanangu nimewaacha wajichagulie timu katika televisheni, kisha nashangaa.

Nikamwita yule kijana, nikamwambia mechi ijayo ya nyumbani twende pamoja. Akanitazama kama aliyekuwa akingoja mzaha uishe.

"Na nauli, Ami?"

Nikamwambia nauli na kiingilio ni juu yangu. Akauliza kama aweza kumleta na mdogo wake.