Taharuki Isiyo na Kituo: Dhidi ya Utetezi wa Utazamaji wa Mfululizo

Hapakosi mhakiki anayedai kwamba mtu akeshaye akitazama tamthilia ya televisheni, sehemu baada ya sehemu hadi kukuche, anaendeleza mapokeo ya bibi aliyesimulia ngano kando ya moto. Dai hili lina mvuto, lakini halina mashiko. Linachanganya urefu wa hadithi na tendo la kuipokea.

Ushahidi umo katika Alfu Lela Ulela. Shahrazad haokolewi na wingi wa visa vyake. Anaokolewa na alfajiri. Kisa hukatika, mfalme hubaki na swali, na swali hilo humshughulisha mchana kutwa. Laiti angalimmwagia visa vyote usiku mmoja, mfalme angalishiba, na upanga ungalishuka. Taharuki, basi, haimo katika kisa peke yake. Imo pia katika pengo ambamo msikilizaji hukisia, hubishana na kuhukumu.

Televisheni ya Kenya ililihifadhi pengo hilo kwa muda mrefu. Vioja Mahakamani na Vitimbi vilimwachia mtazamaji juma zima la kuzungumza. Hata Maria, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2019, ilimpa usiku mmoja wa kungoja. Netflix, iliyotoa msimu mzima wa House of Cards kwa siku moja mwaka 2013 na kuingia Kenya Januari 2016, ilileta utaratibu mwingine: sehemu ifuatayo hujianzisha yenyewe kabla mtazamaji hajapumua. Pengo limezibwa kwa makusudi ya kibiashara, kwa kuwa mtazamaji aliyetua huenda asirudi.

Uzito wa jambo hili huonekana Iguhu, katika Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Waidakho wa huko, pamoja na jirani zao Waisukha, ndio wenye isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Katika isukuti kiongozi huanzisha na umati hupokea. Umati ukinyamaza, hakuna utendaji. Kijana wa Iguhu aliyejifungia na simu yake usiku hana wa kupokea naye wala wa kumpinga. Kibanda cha video, ambacho wasomi hukidharau, kina uhai zaidi: masimulizi ya Kiswahili ya DJ Afro juu ya filamu za ng'ambo huzua vicheko na ubishi. Humo fanani yupo na hadhira ipo.

Ifahamike kwamba hoja hii haiwaungi mkono walinzi wa maadili, ambao huhesabu saa na kulaani kila kioo. Kosa halimo katika saa. Ngoma za matanga nazo hukesha. Lawama ziwaendee wahakiki. Darasani hufundisha kwamba fasihi simulizi haitenganishwi na utendaji wake, kisha wakiifikia tamthilia huchambua msuko na wahusika tu, kana kwamba hadhira haipo. Utafiti unaostahili jina hilo hauna budi kuuliza nani anatazama na nani, anatua wapi, na asubuhi huzungumza nini. Bila maswali hayo, kuiita simu ya mpweke moto wa bibi ni kuwapokonya watu wa Iguhu hadhira yao, na kuwaambia kwamba hawajapoteza kitu.