Mdai asiye na uso

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi wakae nazo mbali. Huku Tukuyu, wilayani Rungwe, wengi waliisoma wakiwa wameinamisha vichwa. Baadhi ya majina yale walikuwa nayo kwenye simu zao wenyewe, au waliwahi kuyaona kwenye simu za wauza ndizi na za vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria karibu na Hospitali ya Makandana.

Mchezo wenyewe unaanza kwa upole. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, nawe unabonyeza "kubali" kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa mchango. Unaomba elfu hamsini, inaingia pungufu kwa kuwa riba imeshakatwa juu kwa juu. Siku za rejesho zikipita, ujumbe unaanza kutoka, na hauji kwako peke yako. Unakwenda kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mchungaji, kwa fundi aliyekuezekea bati mwaka juzi: fulani ni tapeli, na wewe unayesoma hapa alikuandika mdhamini wake. Wapo wanaotumiwa mpaka picha ya mdaiwa. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na jina limekaa.

Kwa swali la kama utu wa binadamu umekwenda sambamba na vyombo vyake au umeachwa njiani, wazee wetu wana jibu lake tayari: watu wameharibika. Mimi nalikataa. Kijana anayelipwa kutuma ujumbe ule, ukikutana naye ndani ya Coaster ya Kyela, huenda akakupisha kiti na kukubebea mzigo. Amefundishwa adabu kama wewe. Adabu aliyofundishwa ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoonana, na kazi anayoifanya haimwonyeshi mtu.

Rungwe ina ushahidi wa zamani katika hili. Miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu, *Good Company*, kuhusu vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuzeeka pamoja. Aliandika kwamba mtu aliyewakosea wenzake, aliyemtukana mzazi au kumnyima jirani chakula, aliogopa pumzi ya watu. Majirani wakinung'unika kwa hasira, baridi ingemwingia, augue. Hapo hawakuhitajika polisi wala faini. Kulikuwa na watu waliomjua mpaka chungu anachopikia.

Tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Nguvu ile ile iliyowalinda wema ndiyo iliyodhaniwa kuwa mikononi mwa wachawi, na waliotuhumiwa walinyweshwa mwavi, sumu ya kupimia hatia. Aibu ya kijiji ilionea watu vilevile. Ila ilikuwa na breki moja: anayekuaibisha leo, kesho mtakaa naye msibani, na wewe unaijua aibu yake. Programu ya mkopo imeichukua aibu hiyo ya kijiji nzima nzima, ikaiacha breki nyuma.

Tazama na misiba yenyewe. Mei 2002 lori la mafuta lilipinduka Idweli, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kuja Tukuyu. Watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, wakafa wapatao 40. Miaka 17 baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, yakatokea yale yale Msamvu, Morogoro, na waliokufa wakazidi 100. Walioungua Morogoro hawakuwa na tamaa kuliko wa Idweli, wala hawakuwa wajinga kuliko wao. Walikuwa maskini, na petroli ilikuwa inamwagika. Kilichobadilika ni watazamaji. Video za watu wakiungua zilizunguka WhatsApp siku ile ile, zikisindikizwa na maneno kwamba hayo ndiyo malipo ya tamaa. Nani angethubutu kumwambia hivyo mjane wa Idweli, akiwa ameketi naye kwenye mkeka?

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba teknolojia siku zote hukimbia na utu hubaki nyuma ukihema. Hapa hapa tumeona kinyume chake. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima wa Mkoa wa Mbeya wanaishi na VVU. Mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, akatengewa sahani yake. Mahubiri dhidi ya unyanyapaa yalikuwapo na hayakusaidia sana. Mwishoni mwa 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za ARV bure, na taratibu mtu aliyekuwa amekwisha kuliliwa akaonekana tena shambani anachuma chai. Ni vigumu kumtenga mtu mnayebeba naye kapu. Mwaka 2008 sheria ikaja nyuma yake, ikalinda siri ya majibu ya mgonjwa. Kidonge kilitangulia, huruma ikafuata. Ila kilipitia mikononi mwa muuguzi anayejulikana kwa jina, kwenye dirisha ambalo mtu angeweza kurudi na kulalamika.

Dirisha la namna hiyo ndilo linalokosekana kwenye mikopo. Wakenya wamelifungua kidogo. Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliipiga kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu wasiohusika na deni kuwatishia. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwongozo wa Benki Kuu wa 2024 kwa wakopeshaji wa kidijitali. Vyote ni vyema, lakini kazi kubwa mpaka sasa imekuwa kutenganisha mwenye leseni na asiye nayo. Leseni haimfundishi mtu kuona haya.

Kinga iliyofanya kazi upesi kuliko zote ilitoka mbali kabisa. Mwaka 2023 Google ilizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mkopaji. Zile zinazopakuliwa nje ya duka hazikuguswa. Na kanuni ya kampuni ya California inaweza kufutwa kesho bila mtu wa Makandana kuulizwa.

Leo mama wa Makandana anaweza kupeleka ugomvi wa mbuzi au wa mpaka wa migomba kwa mtendaji wa kata, nao ukasikilizwa. Akidhalilishwa kwa mkopo na kupeleka simu yake, ataambiwa pole, mama, hayo ni mambo ya mtandaoni. Ningeanzia hapo. Mtendaji apewe fomu ya kupokea lalamiko hilo, alipeleke Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jibu lirudi ofisini kwake kwa maandishi, na jina la aliyetuma ujumbe likiwamo.