Msiuziwe Jina la Ugonjwa

Mtu huyu mwamjua, yumo katika kila parokia. Aamka asubuhi amechoka kama aliyelima usiku kucha. Usingizi hauji, kazi ndogo yamshinda. Mwaka wapita, hali ni ile ile. Jamaa wasema: “Ni mawazo tu.” Ndipo afika mwuzaji na chupa zake: “Ndugu, tezi zako zimechoka. Nunua dawa hii.”

Sisi twasema wazi: jamaa wamekosa, na mwuzaji amekosa kuwapita, maana yeye apata faida kwa kosa lake.

Tezi hizo ni zipi? Tunazo mbili, moja juu ya kila figo. Zatoa homoni iitwayo kotizoli, inayousaidia mwili kushindana na homa, jeraha na hofu. Mwaka 1855, huko London, mganga Thomas Addison alieleza habari za watu ambao tezi zao zimeharibika: wakonda, waishiwa nguvu, watapika, ngozi yao yazidi kuwa nyeusi. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo siku zile, tezi zao zililiwa na kifua kikuu. Ugonjwa huo ni wa kweli, waua usipotibiwa, na hospitali yaweza kuupima katika damu.

Lakini “uchovu wa tezi” ni neno jingine. Lilibuniwa Marekani mwaka 1998 na James Wilson, aliyesema kwamba masumbuko ya maisha huzichosha tezi mpaka zishindwe kazi. Maneno matamu, ushahidi uko wapi? Mwaka 2016 waganga wawili wa Brazil, Cadegiani na Kater, walichambua chunguzi 58, wasiuone.

Mtu atajibu: “Mbona mimi nilimeza, nikapata nguvu?” Twakusadiki. Lakini sikia: mwaka 2018 wachunguzi walipima dawa 12 za namna hiyo zilizouzwa Marekani. Zote zilikuwa na homoni ya tezi ya shingo, na 7 zilikuwa na homoni za jamii ya zile za tezi za figo. Nguvu hiyo ni ya kuazima, na deni lake lalipwa na mwili.

Wala sisi wa Kongo tusiwacheke Wamarekani. Sokoni kwetu deksametazoni yauzwa bila karatasi ya mganga, na watu waimeza ili wanenepe. Nayo ni ya jamii ile ile. Tezi zikiona homoni yaja kutoka nje kila siku, zaacha kazi, kama mtumishi aliyeona mwingine ameajiriwa mahali pake. Siku dawa inapoachwa ghafula, homa ndogo yaweza kumwua mtu. Tazameni basi: dawa yaleta ugonjwa ule ule ambao mwuzaji alidai kuuponya! Mwenye kuimeza tayari asiache peke yake. Aende hospitali, apunguziwe polepole.

Je, twasema kwamba moyo hauna neno juu ya mwili? Hasha! Mtu ni roho na mwili pamoja. Mwaka 1936, huko Kanada, Hans Selye alionyesha kwamba panya walioteswa kwa baridi, majeraha au sumu walipatwa na mabadiliko yale yale mwilini, na tezi zao zilivimba. Nani atashangaa basi kwamba mama aliyekimbia vita, akazika mtoto njiani, aumwa mgongo na kukosa usingizi? Maumivu yake si ya uongo. Kumwambia “ni mawazo tu” ni kumfukuza mlangoni.

Basi, tumfanyie nini? Kwanza tumsadiki. Pili apimwe: huenda damu imepungua, au ana malaria, kisukari, kifua kikuu, ukimwi, au tezi ya shingo imelegea. Tatu, hata kama hakuna kilichoonekana, asiachwe. Apate mtu wa kumsikiliza, apumzike usiku, arudie kazi kidogo kidogo, jirani wamchotee maji. Tumwombee pia, lakini sala isiwe kisingizio cha kutompeleka kwa mganga.

Na wewe mwuzaji, fedha ya chupa yako ingalilipa kipimo cha damu. Mgonjwa aliyekuamini atakudai nini siku ile?