Waya wa Tatu

Penye vilima vya mawe vya Nyegezi, jijini Mwanza, vyuo vilivyoanza kwa majengo machache vimepanuka mwaka hata mwaka. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, ni mfano mmoja. Popote palipopanuka hivyo, swichi moja ya mtandao yenye matundu 24 haitoshi tena; huongezwa ya pili, kisha ya tatu. Ndipo huzuka swali la namna ya kuziunganisha.

Njia iliyozoeleka ni kuchomeka waya kutoka tundu la kawaida la swichi moja hadi tundu la kawaida la nyingine. Hufaa, bali kila swichi hubaki na mipangilio yake. Tena waya wa mwisho ukirejeshwa kwenye swichi ya kwanza, taarifa huzunguka pasipo kikomo, isipokuwa utaratibu uliobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 uifunge njia mojawapo. Waya umenunuliwa, nao wakaa bure ukingoja mwenziwe akatike.

Staki ni jambo jingine. Swichi za aina hiyo zina matundu maalumu, aghalabu mgongoni, yenye nyaya zake nene na fupi. Zikiungwa hivyo, swichi kadhaa huwa kama moja: moja huwa kiongozi, na anwani ya kuzisimamia ni moja. Katika Cisco 3750, iliyotoka mwaka 2003, hata swichi tisa ziliweza kuungwa, kwa uwezo wa gigabiti 32 kwa sekunde. Nyaya zake hazikuzidi mita 3. Adhaniaye kwamba staki hiyo itavuka kutoka jengo hadi jengo ajidanganya. Huko faiba ndiyo ifaayo.

Swichi tatu zahitaji nyaya tatu, si mbili. Hapa ndipo ubahili huleta hasara. Kwa nyaya mbili taa zote huwaka, kila kompyuta hupata mtandao, na mnunuzi hujipongeza kwa kuokoa fedha. Lakini swichi ya katikati ikizimika, au waya mmoja ukilegea, staki hukatika vipande, na kila kipande chaweza kudai anwani ileile. Kwa waya wa tatu pete hufungwa: waya mmoja ukikatika, uwezo hupungua kwa nusu, kazi huendelea. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, msafiri wa Sengerema aliyekuta kivuko cha Kigongo kimekwama aliweza kuzunguka kupitia Kamanga. Alichelewa, lakini alifika.

Wapo wasemao kwamba shule haina fedha za anasa hiyo. Kwa shule yenye maabara moja wamesema kweli: na inunue swichi ya kawaida, staki haiihusu. Lakini aliyekwisha kulipia swichi za staki, ambazo ni ghali, hana hoja ya kunyima waya ambao bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya swichi moja.

Mwalimu mwenye staki ya namna hiyo angoje Jumamosi, maabara ikiwa haina kazi. Auchomoe waya mmoja mbele ya wanafunzi, kisha wa pili, nao waandike ni kompyuta zipi zilizonyamaza.