Unga Tumeupigania, Kitoweo Je?

Majuzi nilimsindikiza binti yangu hadi zahanati iliyo karibu na kwetu, huku Magharibi, ili mjukuu wangu apimwe uzani. Mtoto ana umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Nilikwenda nikijivuna kidogo, maana huyu si mtoto wa kulia njaa. Tonge la ugali hulishika kwa mikono miwili. Muuguzi alimpima uzani na kimo, kisha akamzungushia utepe mkononi, juu ya kiwiko. Utepe ukaonyesha rangi ya manjano. Alipotueleza kwamba rangi hiyo ni ya tahadhari, nilimkatiza. "Sista," nikasema, "mtoto huyu hushiba." Akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Mzee, hushiba nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilinitia haya. Asubuhi hunywa chai kwa mkate. Mchana na usiku hula ugali uliochovywa katika mchuzi wa sukuma wiki. Sukuma wiki yenyewe huliwa na wenye meno.

Msomaji mpendwa, swali la muuguzi yule nimetembea nalo tangu siku hiyo, kwani naona hata sisi kama taifa hatujapata kuulizana. Kila tunapozungumzia chakula nchini Kenya, huwa tunazungumzia unga. Mnamo Mei 2017, uchaguzi ukikaribia, serikali ilitoa ruzuku na pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Julai 2022, uchaguzi ukiwa mlangoni tena, bei ikatangazwa kuwa shilingi 100. Serikali iliyoingia mwaka huohuo ikaihamisha ruzuku kutoka kwa unga hadi kwa mbolea, na hoja ikabaki kuwa ileile ya mahindi. Mwaka 2024 pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 lilipingwa nchi nzima hadi likaondolewa.

Sisemi kwamba mapambano hayo hayakufaa. Mwenye njaa hangoji mhadhara, na unga ukipanda bei, maskini ndiye huumia kwanza. Lakini katika miaka yote ambayo nimesimama kwenye mikutano ya kisiasa, sijamsikia mgombea hata mmoja akiahidi maharagwe, mayai au omena. Tumekubaliana, viongozi na raia, kwamba tumbo likijaa kazi imekwisha.

Takwimu zasema vingine. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Hatuna budi kukiri kwamba tumepiga hatua, kwa sababu mwaka 2014 kiwango hicho kilikuwa asilimia 26. Hata hivyo, karibu mtoto mmoja katika kila watano si jambo la kushangilia, na hasara ipatikanayo katika miaka miwili ya kwanza ya uhai, ya mwili na ya ubongo, ni vigumu mno kuirudisha baadaye. Kilifi ilikuwa na asilimia 37, nayo Pokot Magharibi asilimia 34. Sisahau ukame unaozikumba sehemu kubwa za kaunti hizo. Lakini Kilifi pia ni nchi ya nazi, korosho na samaki, na Pokot Magharibi imepakana na Trans Nzoia, ghala letu la mahindi. Kuwa jirani ya ghala hakukuwatosha watoto wale.

La kustaajabisha zaidi ni kuwa utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliozidi kiasi. Basi katika nyumba moja mama aweza kuwa mnene na mtoto akadumaa, ilhali wote wawili wamepakua katika sufuria moja. Wanga, sukari na mafuta humnenepesha mtu mzima. Mtoto ambaye mwili wake unajengwa hukosa matofali.

Hebu tuutazame huo unga wenyewe. Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda, kiini na wanga. Kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Tutakapo unga mweupe usiokwaruza, kinu huondoa ganda na kiini, na mabaki hayo huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Ng'ombe wetu hula kilicho bora, nasi tukajisifu kwa weupe. Ni kweli kwamba tangu 2012 sheria imewalazimu wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano, na hatua hiyo naiunga mkono, ingawa si rahisi kuwafikia wenye vinu vidogo vya posho vijijini. Wala nisimpotoshe mtu akadhani kwamba unga usiokobolewa hauna hatari. Mahindi yaliyoanikwa vibaya huota kuvu na kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Anayetaka kula punje nzima sharti kwanza ahakikishe kwamba imekauka barabara.

Hata hivyo, ugali uwe mweupe au wa kijivu, hauwezi peke yake kumkuza mtoto. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya vijenzi vya protini, na upungufu huo hujazwa na maharagwe. Waliobuni githeri hawakusomea lishe chuoni, lakini walipatia. Omena huliwa mzima na mifupa yake, na humo mna chokaa ijengayo mifupa ya mlaji. Mnavu, terere, saga na kunde zina madini ya chuma na vitamini A. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa huku kwetu Magharibi, ameutumia usomi wake kuzitetea mboga hizi zilizokuwa zikidharauliwa kama magugu. Leo zimepanda hadhi hadi zauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, jambo la kufurahisha, isipokuwa kwamba mwenye shamba sasa huziuza zote akarudi na mkate. Na ile chai tumpayo mtoto pamoja na chakula huuzuia mwili kulifyonza chuma lililomo katika mboga. Hilo nililisikia kwa muuguzi yule nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Sasa nifike panaponiuma. Nyumbani kwangu tuna kuku tisa. Mayai yao huuzwa kwa mwenye kibanda, na pesa hizo hununua sukari, majani ya chai na mkate. Kuku akichinjwa, firigisi ni yangu na mapaja ni ya mgeni. Binti yangu na mwanawe huachiwa shingo na mchuzi. Nilikulia katika jamii ambamo mwanamke alikatazwa nyama ya kuku, na ijapokuwa mwiko wenyewe umekufa, naona mgao wake ungali hai mezani pangu. Tusimsingizie waziri kila kitu. Hakuna waziri aliyeniamuru nile firigisi.

Lakini serikali nayo haiwezi kuepa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi. Afya na kilimo vimegatuliwa, hivyo kaunti haina wa kumtupia lawama. Mipango ya chakula cha mchana shuleni ni mizuri, na huo wa Nairobi ulioanza 2023, ambao mzazi hulipia shilingi tano kwa mlo, unastahili sifa. Ila mtoto hafiki shuleni kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne, na kufikia hapo saa yenyewe imekwisha kupita. Anayeweza kumfikia mapema ni mhudumu wa afya ya jamii. Wahudumu wapatao 100,000 walizinduliwa Septemba 2023; wakipewa utepe wa kupimia mkono na posho yao bila kucheleweshwa, watafanya mengi kuliko pakiti ya shilingi 90.

Kila mwaka kaunti yetu hutuita kutoa maoni kuhusu bajeti, nasi huenda kudai barabara. Safari hii nitauliza ni shilingi ngapi zimetengewa lishe ya watoto wa chini ya miaka miwili, na ngapi kati ya hizo zilitumika mwaka uliopita.

Kwa sasa mayai mawili kwa siku hayaendi kibandani. Mkewe mwenye kibanda amekwisha kuniuliza kama kuku wangu wameugua. Tumeambiwa turudi zahanati baada ya majuma mawili.