Gesi Ikinuka, Wachana na Swichi

Muulize mtu yeyote wa rika letu gesi ikivuja afanye nini. Atakuambia: usiwashe kiberiti. Sawa, hiyo kila mtu anajua. Sasa muulize swali la pili. Umerudi kejani saa moja jioni, giza limeingia, ukifungua mlango unasikia harufu ya gesi. Unafanya nini kwanza? Wengi watakujibu haraka: "Nawasha taa nione inavuja wapi."

Hiyo taa ndiyo inaweza kukumaliza.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu huku kwetu, kuanzia Nangina na Funyula hadi Busia mjini na Malaba, meko imeingia karibu kila ploti. Na maduka yanayouza gesi yameongezeka. Tembea tu uangalie. Duka moja lina mitungi ya kilo sita imepangwa mlangoni, ndani kuna M-Pesa, friji ya soda, redio, na ekstensheni imejaa chaja za simu za watu. Yote hayo kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja. Tunanunua, tunachaji, tunapiga stori, tunaenda. Hakuna anayeshtuka.

Msimamo wangu ni huu: duka la gesi halifai kuwa duka la kuchaji simu. Na nyumbani, tuache kufundishana kuogopa moto unaoonekana peke yake, maana stima inawasha gesi bila moto wowote kuonekana.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sijifanyi injinia. Lakini hii haihitaji digrii. Kila ukibonyeza swichi, kuna vipande viwili vya chuma ndani vinagusana au vinaachana, na hapo katikati cheche inaruka. Huioni kwa sababu imefichwa na plastiki. Wakati mwingine unaisikia, ile "tch" ndogo. Kuchomoa plagi kitu kikiwa kinavuta stima ni vilevile. Friji nayo hujiwasha na kujizima yenyewe siku nzima, na kila mara inaweza kutoa cheche. Gesi ya kupikia haihitaji cheche kubwa. Ile ndogo ya swichi inatosha kabisa.

Na sikiza hii vizuri: kuzima ni hatari kama kuwasha. Watu husikia harufu wakakimbia kuzima taa na kuchomoa friji wakidhani wanasaidia. Ukizima, vile vyuma vinaachana, cheche inaruka. Kama taa imewaka, iache imewaka. Kama imezimwa, iache imezimwa.

Kitu cha pili ambacho watu hawajui ni kwamba hii gesi ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu itokee kwa tundu la dari. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kitanda na nyuma ya kochi. Sasa fikiria ekstensheni yako iko wapi. Iko sakafuni. Soketi za keja nyingi ziko wapi? Chini, karibu na goti. Motor ya friji? Chini. Yaani gesi ikivuja inateremka moja kwa moja hadi pale stima iko.

Tupige hesabu kidogo. Gesi ya kupikia inaweza kushika ikiwa kama asilimia 2 hadi 10 ya hewa ya chumba. Keja ya futi 10 kwa 10, yenye dari ya futi 8, inahitaji takriban kilo moja tu ya gesi kufika hiyo asilimia 2 chumba kizima. Mtungi wako una kilo sita. Na kwa sababu gesi inakaa chini, hata kabla kilo moja haijaisha, pale kwenye magoti tayari mchanganyiko uko tayari. Duka lenye mitungi ishirini sitakufanyia hesabu, fanya mwenyewe.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini petrol station ina stima kila mahali, pampu zenyewe zinatumia stima, na hazilipuki." Swali zuri. Vifaa vinavyowekwa pale karibu na mafuta vimetengenezwa maalum. Kuna aina ambayo boksi lake ni nene, hata gesi ikiingia na kuwaka ndani, moto hautoki nje. Kuna aina nyingine ambayo stima yake imepunguzwa sana hadi cheche yake haiwezi kuwasha kitu. Vina alama ya Ex. Ujuzi huo dunia iliulipia kwa damu. Tarehe 14 Oktoba 1913, mgodi wa makaa wa mawe wa Senghenydd, Wales, ulilipuka na kuua wachimbaji 439, na mojawapo ya mambo yaliyoshukiwa ni cheche ya waya za kengele ya mawasiliano. Kengele tu. Baada ya hapo watu walichunguza kwa makini zaidi jinsi ya kutengeneza stima isiyowasha gesi.

Ile balbu ya mia mbili iliyoandikwa kwamba haiingizi maji si kitu hicho. Kutoingiza maji na kutowasha gesi ni mambo mawili tofauti. Na ekstensheni ya sokoni ndiyo hata tusiiongelee.

Cha kuchekesha ni kwamba tunaogopa kitu kisicho sahihi. Petrol station kila mtu anapiga kelele "zima simu!" Ni sawa kufuata sheria ya pale, lakini moto mwingi uliochunguzwa Marekani wakati watu wanajaza petroli ulionekana kutokana na umeme tuli, ule unaokupiga ukigusa mlango wa gari, si mtu kupokea simu. Halafu huyo huyo anayepiga kelele anakuja mtaani, anachomeka chaja hatua mbili kutoka kwa mitungi ya gesi, na hapo haoni shida.

Najua tukitaja mlipuko wa gesi Kenya kila mtu anakumbuka Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Mradi, gari lililobeba gesi lililipuka. Watu zaidi ya 270 walijeruhiwa, waliofariki walianza kuhesabiwa wachache na idadi ikapanda. Sisemi swichi ya mtu ndiyo iliwasha ule moto. Ninachosema ni kwamba EPRA ilieleza baadaye kuwa maombi ya kujenga kituo cha gesi pale yaliletwa mara tatu mwaka wa 2023, Machi, Juni na Julai, na yote yakakataliwa; sababu kubwa ilikuwa kutotimiza umbali wa usalama, na pia ilitaja kwamba watu wengi wanaishi karibu. Kwa nini watu wengi ni shida? Moja, wao ndio wataumia. Mbili, penye watu kuna taa, pasi, friji, TV na jiko. Huwezi kuambia mtaa mzima usiguse swichi usiku. Ndio maana gesi nyingi inafaa kuwekwa mbali na watu. Sasa sisi tunachukua shida hiyohiyo, tunaipunguza iwe saizi ya duka, tunaiweka chini ya vyumba vya wapangaji.

Na hii barabara yetu imeshatuonyesha moto unavyokula watu. Julai 2021, tenki la mafuta lilianguka Malanga, barabara ya Kisumu–Busia, na angalau watu 13 wakafa. Sisi tunaishi na trela za mafuta zikielekea Malaba kila siku, na petroli ya chupa ya watu wa boda iko kando ya barabara. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, nao unatambaa chini. Kwa hivyo mwenye kuuza petroli ya chupa kwenye kibanda cha kuchaji simu, hii post ni yako pia.

Wenye maduka watasema gesi peke yake hailipi rent. Nawaelewa, faida ya mtungi mmoja ni kidogo. Na sitaki mtu arudi kwa makaa na moshi kwa sababu nimemtisha. Gesi ni poa ikitumika vizuri. Sikuambii ufunge duka, nakuambia utoe mitungi nje. Weka kwenye kizimba cha waya chenye kufuli, mahali penye hewa na kivuli, mbali na mtaro, na pasiwe na soketi wala waya karibu. Ndani endelea na M-Pesa na chaja zako. Kupima kama inavuja, tumia maji ya sabuni. Yule anayepitisha kiberiti kwenye valvu "kuhakikisha" anacheza na maisha ya wateja.

Landlord, kama unajenga vyumba vya chini vya kukodisha kwa biashara na juu watu wanalala, uliza mpangaji anauza nini. Na kaunti, mnapokuja kuangalia kama duka limelipa leseni, inameni pia muangalie ile ekstensheni. Ni dakika moja.

Sasa nyumbani. Shika hizi na umfundishe mdogo wako, maana mara nyingi yeye ndiye anafika wa kwanza jioni:

Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima. Usichomoe kitu.

Fungua mlango na madirisha. Kama unaweza kufikia mtungi haraka, funga. Kama harufu ni kali sana, achana na mtungi, toka.

Toa kila mtu, gongea majirani kwa mkono, usibonyeze kengele. Simu piga ukiwa nje, mbali.

Kama meinswichi iko nje na hapo hakuna harufu, zima kutoka huko. Hii ni muhimu hata stima ikiwa imepotea, kwa sababu ikirudi, friji itajiwasha yenyewe na wewe hauko hapo kuizuia.

Usirudi ndani hadi harufu iishe kabisa.

Najua tuna mazoea. Mkono unaenda kwa swichi kabla akili haijafika. Ndio maana nataka uongee na watu wa kwako leo, kabla harufu haijakuja. Muulize mdogo wako lile swali la saa moja jioni. Akikujibu "nawasha taa," usimcheke. Mkalishe chini umfundishe. Halafu kesho ukienda kununua gesi, mwambie mwenye duka, kwa heshima, "Shosh, hii ekstensheni iko karibu sana na mitungi." Akikasirika, nunua kwingine.